Tufaha Lililoitwa Mghoi

Mgange, Jumapili alasiri

Mwanangu Wakesho,

Mambo ya blanketi, sabuni na namna ya kuficha nauli mama yako ameshakufundisha, tena mara tatu, kwa hiyo mimi nayaruka. Sanduku lako nimelifunga kamba. Sasa nimekaa barazani na kalamu, na ninawasikia wewe na mama yako mkicheka jikoni, sijui mnamcheka nani. Kama ni mimi, chekeni tu.

Utashangaa mtu kumwandikia barua mtoto aliye hatua kumi kutoka alipo. Lakini wewe unanijua. Kwa mdomo mimi ni mkali hata nikiomba chumvi. Nilipokuwa karani kule chini Voi, kwenye shamba la mkonge, nilizoea kutulia nikishika kalamu, na mazoea hayo hayajaniacha.

Nianze na lenyewe, usije ukasoma kwa wasiwasi. Hasira niliyokuwa nayo juu yako imekwisha. Imekaa miaka mitatu, na nadhani uliijua, maana nyumba hii ina vyumba viwili tu na hasira haina pa kujificha. Imetoka. Leo mchana nimekula maharagwe nikasikia ladha yake, na mama yako akanitazama akauliza kama ninaumwa.

Kutasa unakujua, lakini ninyi watoto wa shule mmelisikia jambo hili nusunusu. Mzazi mwenye uchungu na mwanawe hutia maji kinywani, akayapuliza nje, akautaja ule uchungu ulivyo ili utoke moyoni. Mtoto hasafiri kabla hilo halijafanyika. Kanisani tunaambiwa hayo ni mambo ya kale, na mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa saba huu. Hata hivyo sijamwona mzazi wa kilima hiki, awe mwimbaji wa kwaya au mlevi, aliyemwacha mtoto wake aende mbali huku ana kinyongo naye. Wazee walisema kinyongo cha mzazi humfuata mtoto hata kama mzazi mwenyewe hataki. Hilo ndilo lililokuwa likiniogopesha.

Ulipokwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne sikutasa. Nilimwambia mama yako kwamba mimi ni mtu wa dini. Uongo mtupu. Nilikwenda nyuma ya zizi na kikombe, nikajaza kinywa maji, nikashindwa kutaja. Ningetaja nini? Kwamba nimemkasirikia mwanangu kwa kuwa alisema kweli? Nikayameza yale maji. Juma lile lile ukashikwa na homa, ukaandika karatasi mbili ukitetemeka. Nilikaa nje ya zahanati nikiwaambia watu ni baridi ya Julai iliyochelewa, na moyoni nilijua nimekunyima nini. Kama ungefeli sijui ningejitazama vipi. Ulipita, tena vizuri kuliko nilivyostahili mimi kupewa furaha hiyo, na bado sikuweza kukupongeza kwa moyo mweupe.

Yote haya ni kwa sababu ya jina la tufaha. Najua unalijua tufaha lenyewe, umelila tangu ukiwa mdogo. Lakini hujui yote, na yale usiyoyajua ndiyo yanayoniaibisha.

Shangazi yako Mghoi, dada yangu mkubwa, alikuwa akifua nguo kwenye nyumba ya misheni siku za Wazungu. Mama wa Kizungu aliyekuwa akimfulia, alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao, karibu na Uhuru, alimpa miche mitatu ya matufaha. Mghoi akamuuliza aina hii inaitwaje. Akajibiwa kwamba kibao chake kilioza zamani na hakuna anayekumbuka. Basi mti wetu ulikuja hauna jina, kama mgeni aliyefika bila barua.

Miche miwili ilikufa. Mmoja ukashika, ukapanda juu, ukawa na majani mazuri ya kupendeza, na miaka sita haukutoa hata ua moja. Watu walimtania mpaka wakachoka. Mimi mwenyewe nikija likizo kutoka mkonge nilikuwa nikimwambia aukate tupate mpini wa jembe.

Siku moja mbuzi alikata kamba. Alipopatikana alikuwa amesimama kwa miguu miwili, na ule mti ulikuwa umebaki fito. Majani ya juu ambayo mbuzi hakuyafikia yalikuwa yamepukutika kwa kutikiswa. Mghoi alimchapa yule mnyama huku analia. Wiki tano baadaye mti ulichanua mzima. Kila mtu alisema ni bahati, lakini dada yangu hakuwa mtu wa kuamini bahati. Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, alipanda ngazi akaanza kuyachuma majani kwa mkono, moja moja, mti mzima. Siku mbili kazi hiyo. Majirani walisimama njiani wakisema Mghoi amerukwa na akili, anauvua mti nguo. Mti ukachanua tena. Huko Ulaya, nasikia, baridi ndiyo inayoyaangusha majani. Hapa kwetu baridi haitoshi, kwa hiyo lazima iwe mikono ya mtu. Hilo halikuandikwa kwenye kitabu chochote tulichokuwa nacho. Alilijua kwa kutazama, akajifunza kupandikiza kwa mtunza bustani wa misheni, na katika miaka michache tukawa na miti kumi na mmoja.

Jina halikutolewa na mtu. Watoto walikuja mlangoni wakisema, "Shangazi, tupe za Mghoi." Baadaye wakasema, "Tupe mghoi." Akina mama wakalichukua wakashuka nalo sokoni Wundanyi. "Mghoi ziko?" "Ziko, lakini ni za juzi." Miti yenyewe wakaiita mighoi, kana kwamba dada yangu ameongezeka usiku. Hata Bi Zuhura pale Voi, yule mama wa Kiislamu mwenye kibanda cha matunda karibu na stesheni, mwanzoni aliyakataa. Aliniambia, "Matofaa ni yale ya kwetu Pwani, mekundu, yana maji. Haya yako siyajui hata jina." Nikamwambia wenzangu wanayaita mghoi. Akauma moja, akafikiri. "Basi niletee mghoi kikapu kizima," akasema, "na usininyonge bei."

Halafu neno likazidi tunda. Mtu aliyechelewa kuolewa, mtoto aliyechelewa kusoma, ng'ombe aliyechelewa kuzaa, wote wakasemwa hivyo. "Mwacheni, huyo ni mghoi, atachanua akishapukutishwa." Mwalimu wako wa darasa la nne alinieleza habari zako kwa maneno hayo hayo, na mwaka uliofuata ukawa wa pili darasani. Sikumpenda mwalimu yule, lakini alisema kweli.

Dada yangu mwenyewe aliolewa akiwa amepita umri ambao watu huacha kuuliza. Alimpata mwanamume mmoja mjane wa Mahoo, kule chini Taveta, mkulima wa ndizi, mtu mpole. Alipoondoka aliniambia, "Miti ni yangu, matunda ni yenu, na usisahau majani." Nikaahidi. Mwaka huo huo niliacha kazi ya mkonge nikarudi nyumbani.

Sasa hapa, Wakesho, ndipo nilipoharibu. Nisikilize bila kunihurumia.

Miaka kumi na minane kule chini sikuitwa Mwakisha hata siku moja. Bwana mkubwa aliniita Karani. Vibarua waliniita Karani. Mama wa chai, aliyekuwa Mtaita mwenzangu, naye aliniita Karani. Nilipanda kilima hiki nikiwa na hamu ya kulisikia jina langu, nikakuta kila kinywa kinatamka la dada yangu. Mtu akielekezwa hapa aliambiwa, "Pita daraja, kata kulia, ndiyo kwa Mghoi." Jumapili moja pasta alitangaza kwamba ibada ya nyumbani itakuwa kwa Mghoi, na mimi nimekaa safu ya pili nimevaa tai. Watu walisema "Amina."

Ningeweza kucheka. Badala yake nikaanza kupiga hesabu za ujinga. Unajua kwetu ardhi ni ya ukoo, lakini mti ni wa mkono ulioupanda. Unaweza kulima chini ya mparachichi wa mtu maisha yako yote na maparachichi yakabaki kuwa yake. Mghoi alikuwa amejaliwa wavulana wawili huko Mahoo. Nikajiambia, wale watakua, watakuja na kamba na magunia, watasema miti ya mama yetu, na kilima kizima kitakuwa shahidi kwa sababu jina lake linasemwa kila siku. Nikaamua jina life. Hakuna aliyenichochea, niliyapika mwenyewe.

Ndipo yakaja maonyesho ya kilimo Wundanyi. Ulikuwa kidato cha pili, umeshika sahani ya matufaha matano uliyoyapangusa kwa sketi yako. Bwana shamba alikuja na penseli. Namkumbuka, kijana mwenye miwani.

"Aina hii inaitwaje, mzee?"

"Inaitwa Mwakisha," nikasema.

Ulinitazama kwanza. Ulinipa nafasi, hilo nimelikumbuka baadaye. Kisha ukasema, "Baba, hiyo ni mghoi. Ni ya shangazi."

"Usimsikize huyu," nikamwambia bwana shamba. "Mtoto anaota."

Watu wakacheka. Wewe uliitazama sahani. Tulipewa jembe jipya la zawadi na kadi yenye jina langu, nikaipigilia ukutani, na tangu siku hiyo nikakukasirikia wewe. Ni rahisi kumkasirikia mtu aliyekuona ukiiba kuliko kurudisha ulichoiba. Hakuna mtu hata mmoja, tangu siku ile mpaka leo, aliyewahi kuja hapa akaomba mwakisha mbili. Mama yako aliwahi kujaribu mara moja, kwa kunihurumia, akashindwa kumaliza kwa kicheko.

Shangazi yako akaacha kuja. Alikuwa akija kila baada ya mavuno kutusaidia majani, mwaka ule hakuja, na wa pili hakuja. Nikasema moyoni, habari za jina zimemfikia, sasa anajipanga na wanawe.

Barua ya chuo cha kilimo ilipofika, mama yako aliisoma, akaiweka mezani, akanijia shambani. Hakupandisha sauti. "Baba Wakesho," akasema, "mtoto huyu haendi Bonde la Ufa na kinywa chako kimefungwa. Ukikaa hivyo mimi nitaenda naye, na utajipikia." Ndiyo maana Alhamisi niliwaambia nakwenda Voi kuuliza habari za treni. Sikwenda Voi. Nilikwenda Mahoo.

Nilimkuta Mghoi ndani ya mfereji, maji magotini, anazibua matope yanayokwenda kwenye migomba. Amezeeka. Amekuwa na mvi kama za mama yetu, na nilipoziona nikasahau hotuba yote niliyoiandaa njiani. Hakunisalimu kwa furaha wala kwa chuki. Alinipa sepetu.

"Ingia," akasema. "Zamu ya maji yetu inaisha saa nane."

Nikavua viatu nikaingia. Tulifanya kazi karibu saa nzima, na mgongo wangu wa ukarani ukanikumbusha umri. Tulipokaa ukingoni nikamwambia yote, jina, kadi, hofu ya wanawe. Alinisikiliza huku anafinyanga tope kidoleni.

"Wanangu?" akasema. "Wanangu wanataka baiskeli, Mwakisha. Ukiwapa miti watakuuliza breki iko wapi."

Nikacheka, na nilitamani iishie hapo. Yeye hakucheka.

"Jina si kitu," akaendelea. "Mimi sikulitoa, na wewe huwezi kuliondoa. Tangu mpaka wa Tanzania pale Holili ufungwe biashara yangu ya ndizi imelala, nina ya kufikiri kuliko jina. Lakini niliambiwa pale sokoni kwamba ulimwambia mtoto anaota. Mbele ya watu. Mtoto aliyekuwa ananitetea mimi. Nilijiuliza nitaingiaje nyumba ile, nile chakula, nimtazame yule msichana usoni, na wewe hujafuta neno hilo. Nikaona nikae kwangu."

Wakesho, nilikuwa nimejiandaa kuombwa miti. Nilikuwa tayari hata kuitoa mitano. Kumbe dada yangu alikuwa ananingoja miaka mitatu nikurudishie wewe kitu kisichonigharimu hata senti. Nililia pale ukingoni, na watu wa zamu ya pili walikuwa wanafika na majembe yao.

Mghoi alichota maji ya mfereji kwa kiganja, akayatia kinywani, akayapuliza kwenye majani. Akasema kwamba uchungu aliokuwa nao na Mwakisha mtoto wa mama yake utoke, uende na maji, usimguse mtu. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ndizi zimeiva, nisiondoke mikono mitupu. Ule mkungu mliodhani nimeununua Voi ni wake.

Ijumaa, wakati wa kurudi, nilishukia Mwatate nikapanda gari la Wundanyi, nikaingia ofisi ya kilimo. Nilitaka kufuta lile jina nililolitoa. Yule kijana wa miwani amehamishwa zamani. Karani aliyepo alilalamika, akatafuta, akarudi na faili lina vumbi la kutosha kupanda mahindi. Akasoma, akanigeuzia nisome mwenyewe.

Palikuwa pameandikwa: Aina, Mghoi. Aliyepanda, Mghoi, dada wa mwonyeshaji. Njia, kupukutisha majani kwa mkono baada ya mavuno. Na chini yake, kwa penseli: nimeelezwa na binti wa mwonyeshaji.

Nilisoma mara mbili. Ni karani mimi, najua kusoma faili. Kwa hiyo yule kijana alinipa kadi ya kunifurahisha, na nilipokuwa kwenye foleni ya jembe alirudi kwako akakuuliza, na ukamweleza mpaka habari za majani. Ulijua tangu siku ile ile kwamba nimeshindwa. Miaka mitatu nimekununia, nimekunyima salamu za asubuhi, nimeitazama kadi ile ukutani kama mtu mwenye cheo, na wewe ulikuwa na neno moja tu la kunimaliza nalo. Hukulisema. Hukumwambia hata mama yako, maana nimemuuliza. Mimi nisingeweza. Katika umri wako ningelitangaza kanisani.

Jana alfajiri nilirudi nyuma ya zizi na kikombe. Nilidhani nitahangaika, lakini maneno yalikuja mepesi. Nilisema nimemkasirikia mwanangu kwa sababu aliniona nilivyo, na hasira hiyo itoke, isimfuate barabarani, isimfuate darasani. Maji yakaenda. Niliporudi ndani mama yako alikuwa macho, akanisogezea blanketi bila kuuliza.

Huko chuoni watakuonyesha matufaha yenye majina makubwa, ya mabwana na ya miji ya watu. Yajifunze yote, utaulizwa kwenye mtihani. Lakini usiyaogope sana. Nadhani kila moja lilianza na mtu fulani aliyepanda ngazi na kuchekwa. Na ukikosea, maana utakosea, kosea kwa muda mfupi. Mimi nilikosea kwa muda mrefu kwa sababu niliona aibu ya siku moja ni kubwa mno, nikailipa kidogo kidogo miaka mitatu. Sina mashauri mengine. Nilikuwa nayo mengi wiki iliyopita, lakini yote yalikuwa ya kukufundisha kuniheshimu.

Barua hii nilitaka kukutilia sandukuni uisome treni ikiwa imepita Mtito Andei. Nimebadili nia. Nakuletea sasa hivi jikoni, nikitoka hapa barazani, ili nisibaki na mlango wa kutorokea. Kutasa nilikwisha fanya peke yangu, na kesho mlangoni nitafanya mbele yako. Lakini dada yangu amenifundisha kwamba hilo halitoshi. Nilikuaibisha mbele ya watu, na kesho pale stendi watu watakuwepo, akina mama wa soko na vikapu vyao, pasta, na nusu ya wale waliocheka siku ile. Nitasema mbele yao kwamba binti yangu hakuwa anaota, kwamba mimi ndiye niliyesema uongo, na kwamba namwomba msamaha.

Unajua mdomo wangu ulivyo. Huenda nikakwama. Nikikwama usinisaidie, mwanangu, na usinionee huruma ukaingia garini. Simama hapo hapo na unitazame. Dereva akipiga honi, mwache apige.

Mimi babako,
Mwakisha